Biri Tano za Kuba: Namna ya Kuzipumzisha na Kuzionja kwa Anayeanza

Mtu anayepata biri yake ya kwanza ya Kuba, ile sigara nene ambayo vijana wa mjini huiita siga, kwa kawaida huivuta jioni ile ile aliyoipokea kutoka kwa ndugu aliyetua uwanja wa ndege. Baada ya hapo hushangaa kwa nini kitu chenye sifa kubwa namna hiyo kinamwashia ulimi, kinazimika kila baada ya dakika mbili na kumwachia kichwa kinachozunguka. Mara nyingi biri haina kosa. Imevutwa tu kabla ya wakati wake, ikiwa bado imechoka na safari na haijatulia unyevu.

Mwongozo huu unafuata njia moja: kununua biri tano zinazofanana kabisa, kuzipumzisha pamoja katika chombo kimoja, kisha kuzivuta moja moja kwa vipindi vinavyorefuka hadi kufikia mwaka, huku ukiandika unachokionja kila mara. Njia hii ni ya polepole, lakini itakufundisha maana ya kupumzisha kupitia ulimi wako mwenyewe.

Kabla ya yote, ieleweke kwamba moshi wa biri ni moshi wa tumbaku. Hauvutwi hadi mapafuni, lakini jambo hilo haliufanyi kuwa salama, kwani saratani za kinywa na koo huwapata wavutaji wa biri pia, na nikotini iliyomo huleta uraibu. Mwongozo huu ni kwa mtu mzima aliyekwisha kuamua. Sheria nazo zipo: Tanzania ina sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, Kenya ya 2007 na Uganda ya 2015, kwa hiyo chagua pahali pa wazi pasipo na watoto wala watu waliolazimika kukaa nawe.

Kwa nini biri ihitaji kupumzika

Msomaji wa Tabora au Urambo anaijua tumbaku ya mvuke, inayokaushwa ndani ya mabani kwa joto la kuni kwa muda wa wiki moja hivi. Tumbaku ya biri za Kuba hupitia njia nyingine. Iliyo bora hulimwa Vuelta Abajo, katika mkoa wa Pinar del Río magharibi ya kisiwa, hasa kandokando ya miji ya San Luis na San Juan y Martínez. Majani yake hutungikwa ndani ya vibanda virefu na kukaushwa kwa hewa tu kwa wiki kadhaa, kisha hurundikwa na kulowanishwa kidogo ili yachachuke. Rundo hilo hupata joto lenyewe na kutoa amonia, ile harufu kali inayofanana na ya banda la kuku, na kadiri amonia inavyotoka ndivyo ukali wa jani unavyopungua.

Ndani ya biri moja mna majani ya kazi tofauti. Jani la nje, ambalo Wakuba huliita capa, hukuzwa chini ya vitambaa ili jua lisilikomaze kupita kiasi, na ndilo laini kuliko yote. Chini yake kuna jani la kufungia, na katikati kuna ujazo wa majani marefu ya aina tatu: volado, la sehemu ya chini ya mmea, linalosaidia biri kuungua, seco, la katikati, lenye harufu, na ligero, la juu, lililopigwa na jua jingi, lenye nguvu na linaloungua polepole, ndiyo maana fundi huliweka katikati kabisa.

Sasa fundi hawezi kukunja jani kavu bila kulivunja, na hivyo majani hutiwa unyevu kabla ya kazi. Biri iliyotoka mkononi mwake huwa na maji mengi kuliko inavyotakiwa, na hukaa kwanza katika chumba maalumu cha kiwanda, escaparate, ili unyevu huo upungue. Hata hivyo uchachukaji haukomi pale kiwandani. Biri changa huendelea kutoa amonia kwa miezi, na wavutaji wa zamani huuita muda huo ugonjwa wa biri. Ongeza juu yake safari ya ndege, ghala la mizigo, duka lenye kiyoyozi na mkoba wa ndugu yako, na utaona kwamba biri inayokufikia ina matatizo mawili yasiyofanana: unyevu uliovurugika, ambao hutulia kwa wiki chache, na uchanga wa tumbaku yenyewe, ambao huhitaji miezi.

Hatua ya kwanza: kuchagua na kununua

Usianze na Cohiba. Ni biri nzuri, lakini bei zake pamoja na za chapa ya Trinidad zilipandishwa mno mwaka 2022, na mwanafunzi hana sababu ya kulipia jina ambalo ulimi wake bado hauwezi kulipambanua. Ninachopendekeza ni Montecristo No. 4, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa biri za Kuba zinazouzwa zaidi duniani. Urefu wake ni milimita 129 na unene wake ni namba 42, maana yake sehemu 42 za inchi iliyogawanywa mara 64, yaani takriban milimita 17. Huvutwa kwa dakika 30 hadi 40, hupatikana katika pakiti ndogo za tano, na haina nguvu ya kumwangusha mgeni. Romeo y Julieta Mille Fleurs ina vipimo hivyo hivyo na bei yake huwa nafuu zaidi. Mtu akikuletea robusto, yaani biri fupi na nene, kama Partagás Serie D No. 4, yenye unene wa namba 50, ipokee kwa shukrani na uiweke mwishoni mwa foleni.

Biri bandia ni nyingi kuliko halisi katika baadhi ya masoko, na mtalii wa Havana huuziwa mtaani na kijana anayedai kwamba shangazi yake anafanya kazi kiwandani. Sanduku la Cohiba lenye kifuniko cha kioo ni la bandia, bila mjadala. Sanduku halisi la mbao huwa na muhuri wa dhamana wa serikali ya Kuba, na chini yake pamechomwa kwa moto maneno “Habanos s.a.”, “Hecho en Cuba” na “Totalmente a mano”, yaani imetengenezwa yote kwa mkono. Karibu na maneno hayo hupigwa muhuri wa mwezi na mwaka wa kufungashwa, kwa vifupisho vya Kihispania: ENE ni Januari, ABR ni Aprili, AGO ni Agosti na DIC ni Desemba. Ukinunua pakiti ya tano tu, mwombe mwenye duka akuonyeshe katoni iliyotoka, kwani tarehe hiyo ndiyo itakayokuambia kama biri zako zina miezi mitatu au miaka mitatu, na muuzaji mwaminifu haoni taabu kuionyesha.

Ukiwa dukani, shika biri kwa kidole gumba na cha shahada na uibonyeze kidogo katika sehemu mbili tatu. Inapaswa kurudi kama ilivyokuwa. Ikilia kama jani kavu la mgomba, imekauka. Ikibonyea na kubaki hivyo, imelowa au haikujazwa vizuri. Angalia pia kama ina tundu la duara, dogo kama la sindano nene. Hilo ni tundu la mbawakawa wa tumbaku, na biri hiyo usiiingize nyumbani kwako.

Hatua ya pili: chombo, na kipimo kisichodanganya

Masanduku ya kifahari ya kuhifadhia biri, yale ya mbao zilizong'arishwa, ni mazuri kwa macho na yanamsumbua anayeanza, kwa sababu mengi ya bei nafuu hayafungi sawasawa. Kwa biri tano, chombo cha plastiki cha chakula chenye mpira na kamba za kubana pembeni kinafanya kazi vizuri zaidi. Kioshe, kikaushe na ukiache wazi kwa siku mbili tatu. Kisha kifunike usiku mmoja, ukifungue asubuhi na utie pua ndani: ukisikia harufu yoyote, hata ya plastiki, endelea kukiacha wazi. Chombo kilichowahi kuwekwa dagaa au kitunguu saumu usijaribu kukiokoa.

Ndani yake weka vipande vya mbao za mwerezi vilivyotoka katika sanduku la biri. Wauzaji wengi hukupa bure. Mbao hizo ni za mti uitwao kitaalamu Cedrela odorata, wenye asili ya Amerika ya kitropiki, na kwa wakazi wa Morogoro si mgeni: uliletwa na umesambaa ndani ya msitu wa Kimboza hadi kuwa kero kwa wahifadhi. Mbao zake hupokea unyevu ukizidi na kuurudisha ukipungua, na harufu yake hupatana na tumbaku.

Unyevu wenyewe hudhibitiwa kwa vifuko vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, vyenye namba 62, 65 au 69 inayoonyesha asilimia ya unyevu ambayo kifuko kitaishikilia. Kwa biri za Kuba chagua 65, au 62 ikiwa nyumba yako ina joto. Kifuko cha gramu 60 kinatosha biri 25, kwa hiyo zako tano ziko salama. Kikianza kuwa kigumu kama biskuti, kibadilishe. Usiweke kitambaa kibichi, kiazi wala kipande cha tufaha. Mimi niliweka tufaha, kwa ushauri wa rafiki aliyekuwa na hakika kamili, na nilipofungua chombo siku ya kumi biri zote sita zilikuwa na manyoya ya kijani mguuni, yaani upande wa kuwashia, na chumba kizima kilinuka kama ghala la mahindi yaliyooza.

Kipima unyevu cha dijitali cha bei ndogo kinatosha, lakini usikiamini hadi ukijaribu kwa chumvi. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, ukijaze chumvi ya kawaida ya jikoni, kisha udondoshee matone machache ya maji hadi chumvi iwe kama mchanga wa pwani maji yalipotoka kupwa: imelowa, lakini haijayeyuka. Weka kifuniko hicho pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki unaofunga kabisa, bila kugusana, na uviache usiku kucha katika joto lisilobadilika. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hukaa kwenye asilimia 75, kila mara, na hakuna kifaa cha maabara kinachohitajika kulithibitisha hilo. Kama kipimo chako kinasoma 71, fahamu kwamba kinapunguza nne, na uziongeze kila utakapokisoma.

Hatua ya tatu: kuzipumzisha

Anza na wadudu. Mayai ya mbawakawa wa tumbaku huweza kuwemo ndani ya jani bila kuonekana, na huanguliwa joto linapozidi nyuzi 24 au hivi. Nyuzi zinazopendekezwa kwa biri ni 16 hadi 18, ambazo mtu wa Njombe au Limuru anaweza kuzipata bila gharama, ilhali mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Maskati atazipata kwenye friji tu, na friji peke yake hukausha tumbaku na kuitia harufu ya samaki wa jana. Suluhisho ni kugandisha mara moja mwanzoni. Funga biri katika mifuko miwili isiyopitisha hewa, uiweke kwenye friji kwa siku moja, kisha kwenye friza kwa siku tatu au nne, irudishe kwenye friji siku moja zaidi, halafu iache mezani siku moja kabla ya kufungua mfuko. Ukiruka hatua za katikati, jani la nje hupasuka kwa kubadilika joto ghafla.

Baada ya hapo zilaze ndani ya chombo, weka kifuko na kipima unyevu, funika, na ukihifadhi chini ya kitanda au ndani ya kabati lililo mbali na dirisha na jiko. Fungua kwa dakika moja kila wiki ili hewa ibadilike na amonia itoke. Wakati huo zigeuze, uzinuse, na uangalie kama pana ukungu. Ukungu kidogo kwenye jani la nje unaweza kufutwa kwa kitambaa kikavu. Ukiwa umeingia mguuni, tupa biri hiyo.

Anayeishi pwani aelewe kwamba tatizo lake ni maji kuzidi. Wakati wa masika unyevu wa chumba hupita 80 kwa urahisi, na kila unapokiacha chombo wazi ukizungumza na simu, biri zinakunywa.

Hatua ya nne: siku ya kuvuta

Siku moja au mbili kabla, toa biri moja uiweke peke yake katika sanduku tupu la mbao au hata la kadibodi, bila kifuko cha unyevu, ndani ya chumba chenye kiyoyozi au chenye hewa kavu. Maji yaliyozidi hutoka, biri huvutika vizuri na haizimiki ovyo. Hatua hii hudharauliwa sana, nami naiona kuwa na faida kuliko kifaa chochote cha bei utakachouziwa. Mkazi wa Nairobi wakati wa kiangazi anaweza kuiacha.

Kula kwanza. Nikotini kwenye tumbo tupu huleta kizunguzungu, jasho la baridi na kichefuchefu, na wavutaji wengi huituliza kwa sukari, kwa hiyo kipande cha kashata mezani si pambo. Kinywaji cha mwanzo kiwe maji, baadaye kahawa chungu kama ile ya birika la wauza kahawa wa mtaani. Chai yenye tangawizi na iliki itafunika kila kitu ulichokuja kukitafuta. Ramu husifiwa na wengi, lakini asiyekunywa pombe hapungukiwi kitu.

Kichwa cha biri ya Kuba, yaani upande wa kutia mdomoni, kimefungwa kwa kofia ya jani. Ukitazama kwa karibu utaona mstari mwembamba pale kofia inapoishia. Kata juu ya mstari huo, milimita mbili hivi kutoka kileleni, kwa mkato mmoja wa haraka. Ukikata chini yake, jani lote la nje litaanza kujifungua mdomoni mwako. Utepe wenye jina la biri uache kwanza, kwa kuwa gundi yake hulegea biri ikipata moto, na kuung'oa mapema huchana jani.

Washa kwa kiberiti cha njiti ndefu, ukisubiri baruti iungue yote, au kwa kiberiti cha gesi. Mshumaa na kiberiti cha petroli huacha ladha isiyoondoka. Shika biri juu kidogo ya ncha ya mwali, bila kuigusisha, na uizungushe hadi ukingo wote wa mguu uwe mweusi na uanze kufuka. Hapo ndipo unapoitia mdomoni na kuvuta taratibu huku ukiendelea kuizungusha. Puliza mguuni: ukiona duara zima limewaka rangi ya chungwa, umefaulu, ukiona upande mmoja ni mweusi, rudisha moto hapo tu.

Hatua ya tano: kuonja

Kuonja kulianza kabla ya kuwasha. Baada ya kukata, vuta hewa mara mbili tatu kupitia biri kavu, na ulambe midomo: patakuwa na ladha ya nyasi kavu, ya mbao, labda ya zabibu kavu, na ile chumvi chumvi. Iandike.

Vuta mara moja kwa dakika, si zaidi. Biri ikivutwa haraka hupata joto kali, na joto hilo hupika mafuta ya jani hadi yawe machungu. Moshi ujaze kinywa, ukae kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, kisha utoke; usiumeze. Ukishazoea, kabla ya kuutoa wote, sukuma sehemu ndogo sana ipite puani. Mara ya kwanza utatokwa na machozi, lakini harufu nyingi hutambuliwa na pua, na ulimi peke yake hujua ladha chache tu, kama tamu, chungu, chachu na chumvi.

Wanaoandika kuhusu biri hutaja matunda na vitu ambavyo wengi wetu hatujawahi kuvila. Waache na yao. Tafuta katika kumbukumbu yako: korosho zilizobanikwa, ngozi ya viatu vipya, karafuu zilizoanikwa kwenye mkeka, pilipili manga, kakao, asali ya nyuki wadogo, vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza, nguo iliyofukizwa udi juzi. Ladha itakayokujia bila kulazimisha ndiyo ya kuandika, hata kama ni “ubao wa shule”.

Igawe biri katika theluthi tatu na uandike maneno machache kwa kila moja. Theluthi ya kwanza huwa nyepesi. Ya pili ndiyo iliyotulia. Ya tatu hukusanya lami na nikotini iliyovutwa kutoka nyuma yake na huwa kali. Acha majivu yafikie sentimita mbili kabla ya kuyaangusha kwa kugusa ukingo wa kisahani. Biri ikizimika, ondoa majivu, puliza taratibu kupitia kichwani ili moshi mbovu utoke, kisha iwashe upya. Ikianza kuwa moto midomoni au chungu, iweke chini ijifie yenyewe, kwa sababu kuiponda kama sigara ya kawaida hutoa uvundo utakaolala nawe chumbani.

Ratiba ya biri tano

Ya kwanza ivute ndani ya wiki ile ile uliyoipata, kwa makusudi, ili uwe na kitu cha kulinganisha. Ya pili baada ya wiki tatu, ya tatu baada ya miezi miwili, ya nne baada ya miezi sita na ya tano mwaka ukitimia. Kila mara andika tarehe, unyevu wa chombo, dakika ulizotumia, ilizimika mara ngapi, na maneno ya kila theluthi. Usitoe alama kwa mia, kwani mtu aliyevuta biri tatu maishani hana kipimo cha kusema hii ni 88 na ile ni 91.

Katika daftari langu la pakiti ya kwanza, biri ya siku ya nne imeandikwa: “banda la kuku, inakwaruza koo, imezimika mara nne”. Ya wiki ya tatu: “amonia bado, mwishoni kahawa”. Ya miezi miwili ilikuwa na korosho na mwerezi na haikuzimika hata mara moja. Ya miezi sita ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia, jambo lililonisumbua hadi nilipotazama safu ya unyevu: ilikuwa Aprili, masika, na kipimo kilisoma 72 kwa sababu mpira wa kifuniko ulikuwa umetoka kwenye mfereji wake. Niliurudisha, nikaweka kifuko kipya cha 62, na biri ya tano ikangoja miezi sita mingine. Niliiandikia mstari mmoja tu, “kahawa ya maziwa, kakao, hakuna ukali hadi mwisho wa utepe”, na wiki iliyofuata nikaenda kuulizia sanduku la 25, nikiligeuza kwanza kusoma tarehe iliyo chini yake.